Tamko Kuhusu Ridhaa ya Mtu Asiyeweza Kukataa

Sisi, wanachama wa chama cha wazungumzaji wa Kiswahili tunaofanya kazi za kompyuta, utafiti na ukalimani hapa Johannesburg, tumekubaliana kutoa tamko hili kwa wananchi, kwa vyuo vikuu, kwa kampuni zinazotuajiri, na kwa ndugu zetu wa Yeoville, Mayfair, Hillbrow na kwingineko jijini. Baadhi yetu tumetoka Kivu, wengine Tanzania, Kenya, Burundi na Uganda, na wapo waliozaliwa papa hapa. Kinachotukutanisha ni kazi. Tunaandika programu, tunakusanya sauti, tunatafsiri maandishi ya kufundishia mashine, tunahoji watu kwa ajili ya tafiti.

Kazi hiyo imeongezeka tangu kampuni za akili mnemba zilipotambua kwamba Kiswahili kina wasemaji wengi na maandishi machache mtandaoni. Tunaombwa sauti za kina mama, mazungumzo ya sokoni, lafudhi ya Bukavu, lafudhi ya Mombasa. Fomu ya ridhaa huja kwa Kiingereza cha kisheria, kurasa kadhaa, na malipo mara nyingi ni vocha ya simu. Mtu akishasaini, kazi inahesabiwa kuwa imefanywa kwa maadili. Chama kinatamka kwamba haijafanywa kwa maadili. Sahihi ya mtu asiye na nafasi ya kukataa haihesabiki kuwa ridhaa, na sisi tunaosimama kati ya mwenye sauti na mwenye fedha ndio wa kwanza kulijua hilo.

Tunayasema haya tukiwa katika mji ulioishi na jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini.

Mwaka 1900, vita vya Waingereza na Makaburu vikiendelea, Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, aliletwa huku kupanga upya polisi wa Johannesburg na Pretoria. Alikuja na mfumo wake wa kuainisha alama za vidole, akauanzisha hapa kabla ya kurudi London, ambako Scotland Yard ilifungua ofisi yake ya alama za vidole mwaka 1901. Vibarua wa Kichina walioletwa kwenye migodi ya dhahabu kuanzia 1904 walichukuliwa alama za vidole. Mfumo uliokuja kusifiwa Ulaya kwa kuwanasa wahalifu ulitumiwa hapa kwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Kisha ikaja sheria ya kuwasajili Waasia wa Transvaal. Septemba 1906 Wahindi walikutana katika ukumbi wa Empire Theatre, Johannesburg, wakaapa kuipinga. Januari 1908 Mohandas Gandhi, aliyekuwa wakili mjini hapa, aliafikiana na Jan Smuts, waziri katika serikali ya Transvaal, kwamba watu wake wajisajili kwa hiari yao, naye Gandhi akaelewa kwamba serikali ingeifuta sheria. Wengi hawakukubaliana naye. Tarehe 10 Februari, akiwa njiani kwenda kujisajili, alipigwa barabarani hadi akazimia, na aliyempiga, Mir Alam, alikuwa mteja wake wa zamani aliyeamini kwamba jamii imeuzwa. Gandhi alitoa alama zake za vidole akiwa amelazwa. Sheria haikufutwa. Tarehe 16 Agosti 1908, kwenye Msikiti wa Hamidia, vyeti vya usajili vilitiwa katika sufuria kubwa ya chuma, vikamwagiwa mafuta ya taa na kuchomwa moto.

Vidole vilikuwa vilevile na wino uleule. Kilichotokea kati ya Februari na Agosti ni kwamba ahadi iliyoifanya hiari ile iwe hiari ilivunjwa, na wenye vyeti wakaona kwamba wamesajiliwa kwa nguvu kama walivyokuwa wamekusudiwa tangu mwanzo. Hakuna somo la maadili ya data lililo wazi kuliko hilo, na lilitolewa hapa, mwendo mfupi kutoka tunapofanyia mikutano yetu. Haki inatutaka tuseme pia kwamba waliochoma vyeti siku ile walikuwa wakiwatetea Wahindi. Mwafrika wa Transvaal alikuwa tayari anatembea na hati ya lazima iitwayo pasi, na harakati zile hazikumgusa.

Pasi hiyo ni ndugu wa kipande cha Kenya, ambacho kuanzia 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kukivaa shingoni, kikiwa na alama za vidole ndani ya kikebe cha chuma. Afrika Kusini, sheria ya 1952 iliziunganisha pasi zote kuwa kitabu kimoja chenye picha, watu wakakiita dompas. Tarehe 21 Machi 1960, huko Sharpeville, polisi waliwaua watu 69 katika maandamano ya kukipinga. Hapa mjini, wanaume waliokamatwa kwa makosa ya pasi walijazwa katika gereza la Number Four, kwenye kilima cha Braamfontein.

Kitabu kile kilihitaji picha, na picha zilihitaji mashine. Mwaka 1970 Caroline Hunter, mkemia katika kampuni ya Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, na Ken Williams, mpiga picha wa kampuni hiyohiyo, walikuta kazini kwao mfano wa kitambulisho cha Afrika Kusini. Wakafuatilia, wakagundua kwamba mashine za mwajiri wao zilikuwa zinatumika kutengenezea pasi. Walianzisha harakati ya wafanyakazi. Hunter akafukuzwa kazi mwaka 1971. Kampuni ilisema haitaiuzia tena serikali ya makaburu. Mwaka 1977 ikafichuka kwamba wakala wake wa hapa Johannesburg alikuwa bado anaiuzia kwa siri, ndipo Polaroid ikaondoka. Chama chetu kinamtaja Hunter kwa heshima kwa sababu alikuwa katika nafasi tuliyo nayo sisi. Alikuwa fundi wa kuajiriwa, aliye mbali na aliyeumizwa, aliyeambiwa kwamba kazi yake ni kutengeneza chombo na kwamba matumizi ni juu ya mteja. Alilikataa jibu hilo. Nasi tunalikataa.

Kwenye kilima kilekile cha Number Four ndipo ilipo leo Mahakama ya Katiba, na kutoka humo limetoka neno zito kuliko yote kuhusu jambo letu.

Mwaka 2012 wakala wa hifadhi ya jamii, SASSA, uliipa kampuni ya Cash Paymaster Services, tawi la Net1, kazi ya kulipa posho za wazee, watoto na walemavu nchi nzima. Mamilioni ya watu walisajiliwa upya kwa alama za vidole, wakapewa kadi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ilisema zabuni ile ilitolewa kinyume cha sheria, lakini posho hazikuweza kusimama, kwa hiyo mkandarasi akaendelea. Wakati huo malalamiko yalikuwa yanazidi. Bibi anafika kuchukua posho anakuta imekatwa fedha za muda wa maongezi, umeme, mkopo, bima ya mazishi. Kampuni zilizo chini ya Net1 zilikuwa zinauza huduma kama hizo kwa watu walewale waliokuwa wanalipwa posho. Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba wateja walikubali wenyewe.

Tarehe 17 Machi 2017, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Black Sash, Mahakama iliamuru kwamba taarifa za wanufaika zibaki siri na zisitumike kwa jambo lingine zaidi ya kulipa posho, isipokuwa lililoidhinishwa na waziri kwa mujibu wa sheria. Ikaweka na sharti ambalo tungependa kila mtafiti na kila mwenye kampuni alisome mara mbili: mkataba umzuie mtu yeyote kuwaalika wanufaika wakubali kutoa taarifa zao kwa ajili ya kuuziwa bidhaa na huduma. Mahakama haikuagiza fomu iandikwe vizuri zaidi wala herufi zikuzwe. Ilikataza hata kuuliza. Sisi tunaielewa hukumu hiyo hivi: anayeulizwa yuko kwenye foleni, posho ndiyo chakula cha mwezi mzima cha nyumba yake, na anayemuuliza ndiye anayeshika pesa. Katika hali hiyo, neno "ndiyo" halina thamani ya kisheria wala ya kiutu, hata likisemwa kwa sauti na mbele ya mashahidi.

Miaka minane baadaye Mahakama Kuu ya Kenya ilifika karibu na hapo. Mwaka 2023 wakazi wa Nairobi walipanga foleni ndefu, hadi katika jumba la mikutano la KICC, mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa cha mradi wa Worldcoin. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe, ikisema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo haikuwa halali. Wapo waliowacheka waliosimama kwenye foleni ile. Sisi hatuwacheki. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwa kijana asiye na kazi shilingi 7,000 ni kodi ya chumba.

Yupo pia Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini. Mwaka 2019 alitoka nchini hapa kwenda Nairobi kuajiriwa na Sama, kampuni iliyokuwa na kandarasi ya kuchuja maudhui ya Facebook kwa lugha za Afrika. Kwa maelezo yake, hakuambiwa sawasawa kazi ingekuwa ya namna gani. Video ya kwanza anayoikumbuka ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Alipojaribu kuwaunganisha wenzake wadai malipo na matunzo bora, alifukuzwa. Mei 2022 aliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, pamoja na Sama. Meta ilidai kwamba mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikalikataa dai hilo. Kabla ya hapo, tarehe 1 Mei 2023, wachujaji zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao cha wafanyakazi. Tunasimama nao. Kijana aliyesafirishwa hadi nchi ya ugeni, akasaini kutunza siri kabla hajajua siri yenyewe ni nini, kisha akategemea kazi hiyohiyo kwa kibali cha kuishi na kwa nauli ya kurudi kwao, hatuwezi kumwambia kwamba aliyataka mwenyewe.

Sasa tuseme linalotuuma sisi kama wasemaji wa lugha hii na kama wageni katika mji huu.

Mwaka 2022, uchaguzi wa Kenya ukikaribia, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliijaribu Facebook kwa kuipelekea matangazo ya chuki ya kikabila, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Yale ya Kiingereza yalikwama kwanza, kwa kasoro ndogo za lugha, yakarekebishwa, yakapita. Yale ya Kiswahili yalipita moja kwa moja. Mwaka uliofuata Global Witness na Legal Resources Centre wakafanya jaribio kama hilo hapa Afrika Kusini, kwa matangazo ya kuchochea mauaji ya wageni, yakiwamo ya Kizulu na Kixhosa. Facebook, TikTok na YouTube ziliyapitisha karibu yote. Waliofanya majaribio waliyaondoa kabla hayajamfikia mtu. Wachochezi wa kweli hawayaondoi. Mwaka 2020 watafiti walionyesha jinsi kampeni ya kuwachukia wageni ilivyosukumwa kwenye Twitter na akaunti iliyojificha nyuma ya jina la kubuni. Sisi tunaoishi hapa tunakumbuka Mei 2008, mauaji yalipoanzia Alexandra na watu 62 wakafa kabla hayajazimwa. Wakati ule chuki ilienea kwa mdomo, mtaa kwa mtaa.

Lugha zetu zinatafutwa kwa bidii zinapohitajika kama malighafi, na zinasahaulika pale wasemaji wake wanapohitaji kulindwa. Kampuni inayoweza kulipia maelfu ya saa za sauti ya Kiswahili haiwezi kutuambia kwamba imekosa watu wa kusoma tangazo la Kiswahili linalosema fulani auawe. Tunaitaka kila kampuni inayokusanya lugha yetu iweke wachujaji wanaoijua, iwaajiri yenyewe badala ya kujificha nyuma ya wakandarasi, iwalipe vizuri na kuwapa matibabu ya akili bila wao kuomba.

Kwa upande wetu, wanachama tumejifunga kwa haya. Hatutakusanya sauti, picha wala maandishi ya mtu kwa fomu ambayo hajaielewa kwa lugha anayoizungumza nyumbani. Hatutakusanya data mahali ambapo mtu amekuja kutafuta msaada, iwe ni kwenye foleni ya vibali vya wakimbizi, zahanati, au mlango wa msikiti au kanisa siku ya kugawa chakula, hata kama mwenye mradi anasema watu wenyewe wako tayari. Malipo tutayataja baada ya maelezo, wala si kabla. Na mtu akirudi baadaye kusema amebadili nia, hatutamwuliza sababu. Mwanachama atakayeombwa kufanya kinyume ana ruhusa ya kukataa akitaja tamko hili, na chama kitasimama naye hata kama atapoteza kandarasi. Tunajua hilo ni zito. Wengi wetu tunategemea kandarasi hizo kulipa kodi na kutuma kidogo nyumbani.

Kuna suala moja ambalo hatukufikia kauli moja, na tunaona ni vyema wasomaji wajue. Ni suala la data huria. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti nyingi za Kiswahili na kuzitoa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzitumia bila kuomba wala kulipa. Baadhi yetu wanasema huo ndio ukombozi: kijana wa Kigoma asiye na mtaji anapata kilekile anachopata tajiri wa California. Wengine wanajibu kwamba kijana wa Kigoma hana kompyuta za kuzitumia sauti hizo, kwa hiyo uhuru huo unamnufaisha tajiri peke yake. Halmashauri inaegemea upande wa pili, na inaona mwanga katika kazi inayofanyika hukuhuku. Mkutano wa kwanza wa Deep Learning Indaba ulifanyika Chuo Kikuu cha Wits mwaka 2017, na jamii ya Masakhane iliyochipuka kutokana na mikutano hiyo imeonyesha kwamba wenye lugha wanaweza kuwa watafiti badala ya kuwa wa kuhojiwa tu. Kampuni ya Lelapa AI ya Johannesburg, iliyotoa mwaka 2024 modeli ya InkubaLM yenye Kiswahili ndani yake, imependekeza pia mfumo wa leseni wa Esethu, ili faida ya data irudi kwa jamii iliyoitoa. Haujajibu kila swali. Lakini unaanza na swali lililo sahihi, kwamba nani anafaidika.

Kwa vyuo vikuu tunasema hivi: kamati zenu za maadili zinakagua fomu, na fomu huwa safi. Tunaomba ziulize pia mtafitiwa atapoteza nini akikataa, na nani atakuwa amesimama karibu naye anapojibu. Pawe na mtu anayejua lugha ya watafitiwa ndani ya kamati, mwenye kura.

Kwa jiji na serikali, tunakumbusha hukumu ya Februari 2021 katika kesi ya waandishi wa amaBhungane, ambamo Mahakama ya Katiba ilisema dola haikuwa na sheria ya kuiruhusu kunasa mawasiliano ya watu kwa jumla. Mtandao wa kamera za watu binafsi, kama ule wa Vumacam unaosoma namba za magari katika vitongoji vya mji huu, unahitaji kupimwa kwa kipimo hichohicho. Kesi ya mwaka 2020 kati ya kampuni hiyo na wakala wa barabara wa jiji ilihusu vibali vya kusimika nguzo. Mtunza bustani na mfanyakazi wa ndani wanaopita chini ya nguzo hizo kila asubuhi hawajapata kesi yao.

Na kwenu ndugu zetu. Ukiombwa sauti yako, uso wako au maneno yako, dai maelezo kwa Kiswahili, uliza yatakwenda wapi, na uliza utayaondoa vipi ukibadili nia. Anayekuharakisha mwache aende. Kama umeshatoa na sasa una shaka, Sheria ya Kulinda Taarifa Binafsi, POPIA, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2020, inakulinda uwe raia au mgeni, na inakupa haki ya kuomba data iliyochukuliwa kinyume cha sheria ifutwe. Malalamiko hupelekwa kwa maandishi kwa Information Regulator, na ofisi hiyo inawajibika kumsaidia asiyeweza kuyaandika. Anayetaka kuanza na mtu wa lugha yake aje kwetu. Tutaandika naye, na hatutamtoza chochote.

Imetolewa Johannesburg na Halmashauri ya chama kwa niaba ya wanachama wote.